Open Camera kwa filamu ya wanafunzi kuhusu matusi ya mtandaoni: inafaa, ila ijue kwanza

Karibu kila filamu ya wanafunzi kuhusu usalama mtandaoni ina tukio hili: ni usiku, binti kajifungia chumbani, simu iko mkononi, meseji zinamiminika kwenye grupu la darasa. Lirekodi kwa kamera iliyokuja na simu, uiache ijiamulie yenyewe, kisha tazama kilichotoka. Kioo kikiwaka, kamera inapunguza mwanga ili maandishi yasomeke, na uso wa binti unazama gizani. Fokasi inauacha uso na kung'ang'ania meseji. Mtazamaji anabaki kusoma tusi, aliyetukanwa hamwoni. Kamera imefuata hesabu zake tu, lakini filamu imeshakuwa ya mtukanaji.

Hapo ndipo Open Camera inapoingia. Ni programu ya bure ya simu za Android, imeandikwa na Mark Harman, msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, na haina matangazo. Inapatikana Google Play na F-Droid, duka la programu zenye msimbo wazi. Wenye iPhone watafute nyingine, hii haiko kwao. Kazi yake kubwa ni kukurudishia maamuzi ambayo kamera ya kawaida hujifanyia: mwanga kiasi gani, fokasi wapi, rangi ipi. Hapa tunaipima kwa jambo moja tu, filamu fupi ya dakika 5 hadi 10 inayotengenezwa na wanafunzi wa Bagamoyo kwa simu zao wenyewe, kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni na afya ya akili. Kwa kazi hiyo tunaipa 4 kati ya 5, na ile 1 iliyopungua ina sababu zake, zinakuja.

Jaribu simu kabla ya kupanga ratiba

Open Camera haiwezi kufungua mlango ambao mtengenezaji wa simu ameufunga. Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili. Fungua programu, gusa alama ya gurudumu la mipangilio, shuka hadi palipoandikwa "Camera API" na uchague "Camera2 API". Kama chaguo hilo halipo, simu hiyo haikubali udhibiti wa mkono. Bado utaweza kufunga mwanga na fokasi, lakini si zaidi ya hapo. Kama lipo, lichague, rudi kwenye kamera, weka upande wa video, gusa alama ya kuongeza na kupunguza mwanga. Ukiona herufi M (udhibiti wa mkono) kwenye safu ya ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, umepata simu ya kazi. Igonge M, na vitelezi viwili vitatokea: kimoja cha ISO, kimoja cha kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha ya video (fremu) inapokea mwanga.

Kikundi cha wanafunzi watano kina simu tano. Zijaribu zote tano kwa namna hii, hata zile ambazo mwenyewe anaona haya kuzitoa mfukoni. Simu ya bei ndogo yenye M ina faida kubwa kwa filamu hii kuliko simu ya gharama yenye megapikseli nyingi isiyokuwa nayo. Lenzi za ziada nyuma ya simu zisikudanganye pia, kwa sababu mara nyingi Open Camera huiona ile kuu tu. Nyingine hutegemea kama mtengenezaji ameziruhusu programu za nje kuzitumia.

Ukishapata simu, kwenye mipangilio ya video weka ubora wa 1920 kwa 1080. Kasi ya fremu weka 25 kwa sekunde. Simu ikikataa, 30 inatosha. Kiwango cha data weka megabiti 20 kwa sekunde, ambacho kitakula takriban MB 150 kwa kila dakika. Dakika 40 za kurekodi ni GB 6. Hesabu hiyo ifanyike kabla, maana simu ya mwanafunzi huwa imejaa picha na nyimbo, na kurekodi kunakatika katikati ya tukio ambalo mwigizaji amelia kweli. Mambo ya 4K yaacheni. Filamu itatazamwa kwenye projekta ya ukumbini na kwenye simu za watu, na kompyuta ya kuhariria itakwama bure.

Kioo, balbu na mistari inayopanda

Sehemu hii ndiyo inayowaangusha wengi, kwa hiyo tutakaa nayo.

Umeme wetu Tanzania ni wa hezi 50. Balbu na tyubu za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Dawa yake ni shata ya 1/50 au 1/100, kwa sababu kila fremu inakusanya mizunguko kamili ya mwanga. Weka hapo, na mistari ya kijivu inayopanda ukutani inatoweka. Hii peke yake inatosha kuihalalisha Open Camera, maana kamera nyingi za kawaida zinapokosa mwanga huhama zenyewe hadi 1/30 au kwingine bila kukuuliza.

Sasa ingiza kioo cha simu ndani ya picha. Vioo vingi hujichora upya mara 60 kwa sekunde, na shata ya 1/50 haiendani navyo. Utaona utepe mweusi ukitembea juu ya kioo. Kwa kioo unahitaji 1/60 au 1/30. Hapo wanafunzi huanza kuhangaika wakitafuta namba moja itakayoridhisha balbu na kioo kwa pamoja. Usihangaike, haipo. Muda mfupi kabisa unaobeba mizunguko kamili ya vyote viwili ni 1/20 ya sekunde, na ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, fremu nzima haidumu zaidi ya 1/25. Lazima kimoja kiondoke, na cha kuondoka ni balbu. Zima taa ya chumba. Tumia mwanga wa dirisha kama ni mchana, au taa ya LED ya kuchaji ikiwa kwenye mwanga wake wa juu, kisha weka 1/60 kwa utulivu.

Kuna na jambo linalosahaulika: simu inayoonekana kwenye picha nayo ina mipangilio. Kama kioo chake kinajichora mara 90 au 120, kirudishe kwenye 60 kupitia mipangilio ya kioo. Zima ule mwanga wa usiku wa rangi ya chungwa. Pandisha mwangaza wa kioo hadi mwisho, kisha punguza ISO ya kamera, badala ya kupunguza mwangaza wa kioo. Vioo vya OLED vikipunguzwa hupunguza kwa kuzima na kuwaka haraka, na ule mpepeso unarudi kwa mlango wa nyuma. Toa na protekta yenye mikwaruzo, kwa sababu mikwaruzo inanasa mwanga na kuonekana kama ukungu.

Baada ya hapo litabaki tatizo la mawimbi ya rangi juu ya kioo, yanayotokea pale vitone vya kioo na vitone vya kamera vinapogongana. Ukiona mawimbi, geuza simu kidogo, nyuzi 10 hadi 15, au rudi nyuma hatua moja. Ikishindikana, sogeza fokasi ya mkono nywele moja tu mbele ya kioo. Maandishi yatasomeka bado, mawimbi yatakufa.

Uso kwanza

Ukishakuwa na udhibiti huu, swali linakuwa upimie mwanga kitu gani: kioo au uso? Kwa filamu hii jibu letu ni uso, karibu kila mara.

Funga ISO na shata kwa ajili ya shavu la mwigizaji. Washa mistari ya zebra kwenye mipangilio, ile inayoonyesha palipozidi mwanga. Ikichezacheza kwenye kioo, iache. Ikigusa paji la uso, punguza ISO. Kwa 1/60, simu ya kawaida ndani ya chumba chenye taa ya kuchaji huhitaji ISO 400 hadi 800. Ukivuka 800, chenga zinaanza, na uso wa mtu mweusi gizani ndio wa kwanza kuharibika: unageuka kuwa matope ya kijani. Ongeza mwanga, usiongeze ISO. Mwanga wa kioo kimoja hautoshi hata kidogo. Chukua simu ya pili, ifungue picha nyeupe tupu, iweke nje ya picha, sentimita 30 hadi 40 kutoka usoni, upande uleule ambao simu ya mwigizaji ipo. Mtazamaji ataamini mwanga wote unatoka kwenye simu anayoiona.

Rangi ya mwanga iondoe kwenye otomatiki, iweke mkono, karibu na kelvini 4500. Kwa namba hiyo kioo kinabaki na ubuluu wake na taa ya koridoni, kama inapenya chini ya mlango, inabaki ya njano. Ukiiacha otomatiki, kila meseji inayoingia inabadilisha rangi ya uso, na kwenye kuhariri hutaweza kuzirudisha. Na kuta: nyumba nyingi za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zimepakwa chokaa. Ukuta mweupe nyuma ya uso mweusi unamfanya mwigizaji kivuli. Msogeze mita moja na nusu mbele ya ukuta, au mgeuze aegemee mlango wa mbao. Milango ya Bagamoyo inapendeza kwenye picha, lakini hapa faida yake ni kwamba ni ya giza.

Ukipima uso, kioo kitaungua kuwa cheupe na tusi halitasomeka. Vizuri. Mtazamaji hahitaji kulisoma. Wanafunzi huandika matusi makali kweli kwa nia njema, ili ionekane jinsi inavyouma, halafu kwenye onyesho nusu ya ukumbi inacheka na kesho yake maneno yaleyale yanazunguka shuleni. Msichana aliyewahi kuitwa hivyo amekaa safu ya tatu. Onyesha pumzi, onyesha kidole kinachosita kupandisha kioo, onyesha simu ikigeuzwa kifudifudi kitandani na bado inatetema.

Kioo kisomeke mara moja tu au mbili katika filamu nzima, na iwe ni pale msaada unapoingia: meseji ya rafiki inayosema "Nimeona walichofanya. Nakuja." Kwa picha hiyo, geuza hesabu: pima kioo, ISO ya chini kabisa simu inayokubali, 1/60. Meseji isizidi maneno kumi na ikae sekunde 3 kamili. Tofauti ya picha hizo mbili, ile isiyosomeka na hii inayosomeka, mtazamaji ataihisi hata kama hajui shata ni nini.

Grupu la kuigiza

Usitumie grupu halisi, hata kwa kuficha majina. Utie ukungu au vile vijiboksi vidogo, maandishi yaliyofichwa kwa namna hiyo mara nyingine yanaweza kubahatishwa tena. Kinachoficha ni boksi jeusi tupu. Bora zaidi, tengeneza mazungumzo mapya kwa picha tulivu au kwa kurekodi kioo cha simu mbili za kikundi, kisha uicheze rekodi hiyo kioo kizima wakati wa kupiga tukio. Meseji zitaingia kwa mpangilio uleule kila mkirudia, na hakuna mama atakayepiga simu katikati kuuliza mnarudi saa ngapi. Namba ya simu yoyote unayoibuni inaweza kuwa ya mtu fulani, kwa hiyo ziwe zimehifadhiwa kwa majina, namba isionekane popote. Picha za wasifu ziwe za waigizaji waliokubali, au maua na mpira.

Kama hadithi ni ya picha za faragha zilizovujishwa, hiyo picha haitengenezwi. Haitengenezwi hata kwa kuigiza, hata kwa kuonyesha bega tu, hata kwa ukungu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza picha za ngono za watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaja mtoto kuwa ni yeyote aliye chini ya miaka 18, yaani karibu darasa zima la sekondari. Kwenye filamu, uovu huo unaonekana kwa wanaotazama: vichwa vitatu vimeinamia simu moja nyuma ya darasa, mmoja anainua macho.

Hapohapo Open Camera ina msaada mdogo unaostahili kutajwa. Kuhifadhi mahali picha ilipopigwa kumezimwa tangu mwanzo. Hakikisha pamebaki hivyo, na ukienda kwenye mipangilio ya picha kuna chaguo la kufuta taarifa za kifaa zinazojificha ndani ya faili la picha. Kikundi kinachohubiri usalama mtandaoni kisitume picha za matangazo ya filamu zikiwa na ramani ya nyumba ya mwigizaji ndani yake.

Kuna hatua moja ambayo hadithi nyingi huikosea, na mtazamaji ataiga kosa. Mhusika anatukanwa, anaripoti na kumbloki mtu palepale, tukio linaisha. WhatsApp, ukiripoti mtu, hupokea meseji tano za mwisho kutoka kwake, na kwenye kidirisha kilekile kuna chaguo la kumzuia na kufuta mazungumzo. Ushahidi unakwenda nayo. Mpangilio sahihi ni skrinishoti kwanza, tarehe na jina vikionekana, kisha kuripoti na kumzuia, kisha kumwambia mtu mzima. Ikiwa kilichotumwa ni picha ya utupu ya mtoto, hapo hakuna kuipiga skrinishoti wala kuisambaza kwa yeyote, hata kwa mwalimu. Kinachoandikwa ni jina, namba, siku na saa, na safari ni Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Tukio hilo la sekunde 20, likipigwa vizuri, linamfaa mtazamaji kuliko hotuba ya mkuu wa shule mwishoni.

Sauti

Kwenye mipangilio ya video kuna chanzo cha sauti. Chagua maiki ya nje kama unayo. Angalia plagi ya maiki ya waya: yenye pete tatu nyeusi inafanya kazi kwenye tundu la simu, yenye pete mbili ni ya kamera kubwa na inahitaji kiunganishi. Ukichomeka hiyo ya pete mbili, simu itarekodi kwa maiki yake ya ndani bila kukuambia, na utagundua nyumbani. Washa na kile kipimo cha sauti kinachochezacheza wakati wa kurekodi. Hakina namba, lakini ukikikwaruza kichwa cha maiki kwa ukucha na kipimo kisiruke, maiki haijaingia.

Kinachokosekana, na hii ni nusu ya ile alama tuliyoikata, ni kusikiliza kwa hedifoni unaporekodi. Huwezi. Kwa hiyo baada ya kila jaribio, mtu mmoja asikilize kwa earphone mpaka mwisho kabla mwigizaji hajabadilisha nguo. Bagamoyo ina kelele zake: bodaboda, jenereta, adhana, na majira ya kusi upepo wa baharini unaopiga maiki hadi maneno yanapotea. Sponji ya maiki peke yake haiwezi kuzuia kusi. Funika na kitambaa chenye manyoya, au ingia ndani ya nyumba ya mawe. Rekodi pia sekunde 30 za ukimya wa chumba chenyewe, utazihitaji kuziba mapengo.

Mtetemo wa simu urekodiwe peke yake, maiki ikiwa sentimita 5 hadi 10: mara moja juu ya meza ya mbao, mara moja juu ya godoro. Hofu ya mhusika inakaa kwenye sauti hiyo. Mwanzoni mwa filamu mtetemo ni wa kawaida, mezani. Kufikia katikati, mhusika anashtuka hata simu ya mwenzake inapotetema. Hakuna kilio, hakuna muziki wa piano, hakuna kujitazama kwenye kioo cha ukutani huku machozi yanashuka, kitu ambacho filamu za wanafunzi zimekichosha. Afya ya akili inavyoyumba huonekana kwenye vitu vidogo vinavyorudiwa: chai iliyopoa, sare ileile siku ya tatu, taa inayozimwa saa tisa usiku, mtu anayekaa nyuma ya darasa wakati zamani alikaa mbele. Pigeni vitu hivyo kwa pembe moja, mwanga mmoja, shata moja, ili tofauti iwe ya mhusika peke yake. Andika namba za ISO, shata na rangi kwenye daftari, maana Open Camera haitakukumbushia ulizotumia juzi.

Inapokwama

Nusu ya pili ya alama iliyokatwa ni hii: kuchagua fremu 25 si dhamana kwamba simu itatoa 25 kamili. Simu nyingi hurekodi kwa kasi inayopanda na kushuka kidogo kidogo, na faili refu likifika kwenye kompyuta, midomo na sauti vinaachana. Kwa vipande vya chini ya dakika moja hutaona shida. Kwa vilivyo virefu, vipitishe kwanza HandBrake, programu ya kompyuta ya kubadilisha video, nayo ya bure. Kwenye sehemu ya video weka fremu 25 na uchague kasi isiyobadilika. Ifanyike kabla ya kuanza kuhariri. Ukifanya baadaye, kila mkato unahama.

Vitufe ni vidogo na vimesongamana, kidole kikubwa kinagonga visivyo. Fokasi ya mkono ina kitelezi chepesi mno, na kumfuata mtu anayetembea kwa kitelezi hicho ni bahati nasibu. Panga tukio mwigizaji akae au asimame alama moja. Mwanga mkali wa saa sita kwenye ufukwe pia utakushinda, kwa sababu kwa shata ya 1/50 simu haina namna nyingine ya kuzuia jua, na picha inaungua. Matukio ya nje yapigwe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni, au tafuta kichujio cha giza cha kubandika kwenye lenzi. Haya mengine mtayazoea wiki ya kwanza.

Waigizaji

Hili si la programu, lakini anayerekodi ndiye anayeliona kwanza. Aliye chini ya miaka 18 awe na ruhusa ya maandishi ya mzazi au mlezi, iliyotaja filamu inahusu nini na itaonyeshwa wapi. Tukio la matusi lisirudiwe zaidi ya mara tatu. Wanaoigiza watukanaji wasiwe wale wanaomsumbua kweli shuleni mwanafunzi anayeigiza kutukanwa; muulize kwa siri kabla ya kugawa uhusika. Likiisha, kila mtu atoke kwenye uhusika waziwazi: avue nguo ya tukio, aitwe kwa jina lake, anywe maji, asiachwe aondoke peke yake. Mwenye kuwa na M kwenye simu yake ana nguvu pia ya kubonyeza kusimamisha. Ukiona machozi yamepita ya kuigiza, simamisha, hata kama picha ni nzuri.

Mwisho wa filamu na kadi ya 116

Miswada mingi ya wanafunzi inaishia makaburini. Mhusika amejiua, watukanaji wanalia, mwalimu anatikisa kichwa. Tunaomba kwa moyo wote mwisho huo uachwe. Kijana mwenye maumivu akiutazama anapata ujumbe kwamba kifo chake ndicho kitakachowafanya wamwonee huruma. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo kwa watengenezaji wa filamu na tamthilia juu ya jambo hili hasa, na msimamo wake ni wazi: njia iliyotumika isionyeshwe, sababu isifanywe kuwa moja tu kama vile meseji moja inaua, na mtazamaji aone mtu akitafuta msaada na akiupata. Hii haimaanishi filamu iwe laini. Binti anaweza kubaki na usingizi mbovu, grupu linaweza kuendelea bila yeye, rafiki mmoja anaweza kumgeuka. Lakini picha ya mwisho iwe ya mlango unaofunguliwa na mtu wa kukaa naye.

Kabla ya onyesho la ukumbini, mtu aseme kwa maneno mafupi filamu inahusu nini na kwamba kutoka nje ni ruhusa. Mwalimu wa unasihi au mtu mzima anayeaminika asimame karibu na mlango, si jukwaani.

Kisha kadi ya mwisho. Huduma ya Simu kwa Mtoto ni namba 116, na kupiga ni bure. Maandishi meupe juu ya nyeusi, mistari miwili tu, namba iwe kubwa kuliko jina la mwongozaji, ikae sekunde 7, bila muziki. Ukiituma filamu kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, si kama video, kwa sababu ikibanwa kuwa video herufi ndogo zinafutika. Na mmoja wa waigizaji aisome namba hiyo kwa sauti yake ya kawaida wakati imeandikwa hapo: moja, moja, sita. Wengi wataitazama kwenye kioo kilichopasuka, juani, na watakachobaki nacho ni sauti.